Mwili Unapokakamaa kwa Dawa ya Lehemu

Mara nyingi dalili ya kwanza hujitokeza mtu anapochuchumaa. Anashuka vizuri, lakini kuinuka kunamshinda mpaka ashike ukuta. Kwa mwingine ni ngazi za ghorofani, ambazo mwezi uliopita alizipanda bila hata kuzifikiria. Kwa mwenye kuswali ni pale anapoinuka kutoka kwenye sijida: mapaja yanagoma, nyonga zimekaza. Asubuhi anaamka mabega na mgongo vimekakamaa, na lazima azunguke chumbani kidogo ndipo mwili uanze kumtii. Akitafuta kilichobadilika maishani mwake, jibu linamjia haraka: ni kile kidonge kipya cha kushusha lehemu alichoandikiwa kliniki wiki chache zilizopita.

Kinachofuata wahudumu wa afya wanakijua vizuri. Mgonjwa anaacha kidonge kimyakimya. Hamwambii daktari kwa kuogopa kugombezwa, na pengine hata nyumbani hasemi. Maumivu huenda yakapungua na huenda yasipungue, lakini dawa ndiyo imeshaachwa. Lehemu inapanda tena taratibu bila kuuma popote, kwa sababu lehemu haiumi. Inajikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu hadi siku mshipa unapoziba moyoni au kwenye ubongo.

Iko njia bora kuliko hiyo. Inaanza kwa kujua hasa kinachouma ni nini, inapitia maabara na kwa daktari, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, sakafuni, juu ya mkeka: kunyoosha misuli kila siku, kwa utaratibu na bila haraka. Kunyoosha hakuondoi lehemu wala hakuchukui nafasi ya dawa. Kazi yake ni kumsaidia mtu aendelee kuishi na dawa inayolinda moyo wake, akiwa na mwili unaokunjika na kukunjuka.

Dawa zenyewe zinaitwa statini. Majina yanayoonekana zaidi kwenye paketi za maduka ya dawa ya Afrika Mashariki ni atorvastatini na rosuvastatini, na simvastatini bado ipo. Chanzo chake ni kuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi wa Japani aitwaye Akira Endo, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Sankyo mjini Tokyo, alipima maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu kinachoweza kuzuia mwili kutengeneza lehemu. Alikipata kwenye kuvu wa buluu aliyekuwa ameota kwenye mchele. Statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 90, wakati ambapo mamilioni ya watu duniani walikuwa wakimeza dawa zilizotokana na ugunduzi wake.

Statini hufanya kazi zaidi kwenye ini. Huko hufunga kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza lehemu, na ini likikosa lehemu yake linaanza kuvuta ile mbaya iliyomo kwenye damu. Faida yake imepimwa kwa idadi ya watu waliobaki hai. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo wenye lehemu iliyo juu. Baadhi walipewa simvastatini na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani yake. Baada ya miaka mitano na miezi kadhaa, waliofariki katika kundi la kidonge kitupu walikuwa 256, na katika kundi la dawa walikuwa 182. Watu 74 walibaki na familia zao. Kwa hiyo anayeacha dawa hii kwa ajili ya maumivu ya mapaja anastahili kuelezwa vizuri anachokiacha.

Sasa turudi kwenye hayo maumivu. Mgonjwa akiulizwa panapouma huonyesha goti, nyonga au bega, yaani mahali mifupa inapokutana. Daktari akimshika taratibu mara nyingi hukuta tatizo liko juu au chini ya hapo, kwenye misuli. Misuli ya paja ndiyo inayokunja na kukunjua goti, na misuli ya makalio ndiyo inayoendesha nyonga. Ikikaza, kiungo chote huonekana kimekakamaa ingawa gegedu na mifupa ya ndani ni mizima. Karatasi za maelezo zinazokuja na atorvastatini hutaja maumivu ya misuli na ya viungo pia, kwa hiyo mgonjwa anayelalamika hajabuni kitu.

Maumivu yatokanayo na statini yana tabia zake. Kwa kawaida huja pande zote mbili kwa pamoja: mapaja yote, vigimbi vyote, mabega yote. Hushika misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili. Aghalabu huanza ndani ya wiki chache za mwanzo au baada ya dozi kuongezwa, na dawa ikisimamishwa kwa ushauri wa daktari hupungua katika muda wa wiki chache.

Goti moja linalouma upande mmoja, linalotoa sauti na kuvimba baada ya safari ndefu, kwa kawaida lina habari nyingine, na kwa mtu aliyevuka miaka hamsini habari hiyo mara nyingi ni kulika kwa gegedu. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku ghafla huelekeza kwenye gauti. Vidole vya mikono vinavyovimba na kukakamaa kwa zaidi ya saa nzima kila asubuhi vinahitaji kupimwa baridi yabisi. Na mtu mwenye zaidi ya miaka hamsini ambaye mabega na nyonga zimemkaza ghafla kiasi cha kushindwa kuvaa nguo, hasa kama ana homa au anapungua uzito, asisingizie kidonge chochote kabla ya kuonwa na daktari. Magonjwa haya yote huwapata watu wa umri uleule wanaoandikiwa statini, na ndiyo maana kidonge hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

Ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2022 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 19 zilizolinganisha statini na kidonge kitupu, zenye jumla ya watu karibu 124,000. Kati ya waliomeza statini, asilimia 27.1 waliripoti maumivu au udhaifu wa misuli. Kati ya waliomeza kidonge kitupu, walioripoti hivyo walikuwa asilimia 26.6. Tofauti ya kweli ilionekana zaidi katika mwaka wa kwanza: katika kila watu 1,000, watu 11 hivi walipata maumivu yaliyosababishwa na dawa yenyewe. Wengine waliokuwa wakiumwa wangeumwa hata bila dawa.

Utafiti mwingine, mdogo lakini wa kuvutia zaidi, ulifanyika London katika chuo cha Imperial na kutangazwa mwaka 2020. Walichaguliwa watu 60 ambao tayari walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipangiwa miezi kumi na miwili: miezi minne ya kumeza atorvastatini, miezi minne ya kumeza kidonge kitupu kinachofanana nayo, na miezi minne ya kutomeza chochote, kwa mpangilio uliochanganywa. Kila siku walijipa alama za usumbufu, kuanzia 0 hadi 100, kwa kutumia simu zao. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa alama 8.0. Miezi ya statini ulikuwa 16.3. Na miezi ya kidonge kitupu ulikuwa 15.4.

Matokeo hayo yasisomwe vibaya. Hayasemi kwamba wagonjwa wale walidanganya au waliota maumivu. Waliumia kweli, na wengine waliumia sana. Yanachoonyesha ni kwamba kitendo chenyewe cha kumeza kidonge huku mtu anatarajia kuumia kinaweza kuuzalisha usumbufu, na mwili unaosikilizwa kwa wasiwasi kila asubuhi husikika ukiuma. Waliporudishiwa matokeo yao wenyewe na kuyaona, nusu yao walirudi kwenye dawa. Hii ni habari ya matumaini, kwa sababu usumbufu wa namna hiyo unaweza kutulizwa bila kumnyima mtu kinga ya moyo.

Lakini kabla ya kutandika mkeka, kuna mambo ya hatari ambayo lazima yaondolewe shaka kwanza.

La kwanza ni kuvunjika kwa misuli. Ni jambo la nadra sana, lakini linaweza kuua. Nyuzi za misuli huvunjika na yaliyomo ndani yake kumwagika kwenye damu hadi kuziba figo. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu hii, baada ya kuhusishwa na vifo 52. Dalili zake hazifanani na kukakamaa kwa kawaida kwa asubuhi: misuli inauma sana na kuishiwa nguvu, mkono hauwezi kuinua ndoo ndogo, homa inaweza kuwepo, na mkojo hubadilika rangi ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Mtu wa namna hiyo aache kunyoosha, aache kidonge, na afike hospitali siku hiyohiyo. Maabara itapima kreatini kinase, kimeng'enya ambacho huongezeka katika damu misuli inapoumia, na itapima figo pia.

La pili ni dawa zinazogombana. Baadhi ya dawa huzuia mwili kuivunja statini, ikabaki kwenye damu kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa. Miongoni mwake ni klarithromisini na erithromisini, ambazo watu wengi hujinunulia wenyewe kwa ajili ya kifua, na dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli. Hata juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi ina tabia hiyo kwa simvastatini na, kwa kiasi, kwa atorvastatini. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wanapaswa kuwa waangalifu zaidi: dawa zenye ritonavir hazichanganywi kabisa na simvastatini, ilhali dolutegravir, ambayo sasa ndiyo msingi wa matibabu katika nchi zetu, haina ugomvi huo. Hili si jambo dogo, kwa kuwa utafiti uliotangazwa mwaka 2023, ukihusisha watu 7,769 wanaoishi na virusi katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba statini aina ya pitavastatini ilipunguza mashambulio ya moyo, kiharusi na matatizo mengine makubwa ya aina hiyo kwa asilimia 35. Wagonjwa wa namna hii watakaoandikiwa statini wataongezeka, na kila mmoja wao anahitaji mtu wa kumwuliza: unameza nini kingine?

La tatu husahaulika mno, nalo ni tezi ya shingoni. Tezi hiyo ikifanya kazi chini ya kiwango, lehemu hupanda, misuli hukakamaa na kuuma, na statini huzidi kuiudhi misuli hiyo. Ugonjwa mmoja unaleta lehemu, unaleta maumivu, kisha dawa inalaumiwa kwa yote mawili. Kipimo chake ni cha damu, na tezi ikitibiwa lehemu inaweza kushuka bila hata kuongeza kidonge. Mwenye maumivu yasiyoisha aombe kipimo hiki kwa jina.

Baada ya hayo yote, kundi kubwa la wagonjwa hubaki na kitu kimoja: misuli isiyo na ugonjwa wa hatari lakini iliyokaza. Hapo ndipo kunyoosha kunapata kazi.

Misuli inayouma hufanya mtu apunguze mwendo. Anaagiza mtoto amletee maji badala ya kuinuka, anakaa kwenye kiti kirefu zaidi ili asilazimike kukunja goti, anaacha kutembea hadi sokoni na badala yake anapanda bodaboda. Misuli isiyotumika hupungua nguvu na kupoteza uwezo wake wa kunyooka. Kiungo kisichotembezwa hukosa ule msukumo unaosambaza ute wake wa kulainisha. Baada ya mwezi mmoja wa hali hiyo mtu huwa amekakamaa kwa sababu ya kutotembea, juu ya kile alichokuwa nacho mwanzoni. Kunyoosha hukata mzunguko huu mahali rahisi zaidi kukatwa, kwa kuwa hata mtu anayeumwa anaweza kulala chali na kuvuta mguu mmoja.

Kunyoosha kumepimwa kwa watu wa umri mkubwa wenye misuli inayokaza kwa sababu nyingine. Uholanzi, mwaka 2012, watu 80 wenye zaidi ya miaka 55 waliokuwa wakishikwa na misuli ya miguu usiku waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyoosha vigimbi na misuli ya nyuma ya paja kila usiku kabla ya kulala kwa wiki sita. Mwishoni, kundi hilo lilishikwa na misuli pungufu kwa wastani wa mara 1.2 kila usiku ukilinganisha na wale wasionyoosha, na hata maumivu yalipowajia yalikuwa mepesi. Nchini Marekani mwaka 2001, watu wenye miaka 65 na zaidi walinyoosha misuli ya nyuma ya paja kwa sekunde 15, 30 au 60. Walioshikilia sekunde 60 ndio waliopata ulaini mkubwa zaidi, na ndio uliodumu zaidi baada ya kuacha mazoezi. Hilo linafaa kukumbukwa na wazee, kwa sababu kijana huridhika na nusu dakika lakini msuli wa mtu wa miaka sabini unahitaji subira.

Wakati mzuri ni mwili ukiwa na joto. Dakika tano za kutembea uani au kuoga maji ya uvuguvugu zinatosha. Kuunyoosha msuli uliotoka kitandani ukiwa baridi ni kujitafutia maumivu, na mtu aliyeumia siku ya kwanza harudi siku ya pili.

Vigimbi huanzia ukutani. Mtu anasimama akiutazama ukuta, viganja vimeegemea usawa wa mabega, mguu mmoja mbele umekunjwa kidogo, mwingine nyuma umenyooka na kisigino kimegandamana na sakafu. Anausogeza mwili mbele taratibu hadi ahisi mvuto kwenye kigimbi cha nyuma. Kosa la kawaida ni kuinua kisigino. Kikiinuka, mvuto unapotea na zoezi halina maana. Anabaki hapo kati ya nusu dakika na dakika nzima, akipumua, kisha anabadilisha mguu.

Nyuma ya paja kunahitaji kanga au kikoi. Mtu analala chali kwenye mkeka, anapitisha kanga kwenye wayo wa mguu mmoja, anashika ncha mbili kwa mikono, kisha anauvuta mguu juu ukiwa umenyooka kadiri unavyoweza. Goti likikataa kunyooka kabisa lisilazimishwe. Mguu wa pili unaweza kukunjwa, wayo ukiwa chini, ili kuupumzisha mgongo. Kwa wengi hili ndilo zoezi linaloleta nafuu ya haraka, kwani misuli hii ikikaza huuvuta mgongo wa chini nao ukauma.

Kwa mapaja ya mbele, mtu husimama akishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine akavuta kifundo cha mguu kuelekea makalio, magoti mawili yakiwa pamoja. Asiyefika kifundo alale ubavu na kuzungusha ileile kanga kwenye mguu wa juu. Nyonga hunyooshwa ukingoni mwa kitanda: mtu hulala chali, hukumbatia goti moja kifuani na kuuacha mguu wa pili uning'inie pembeni kwa uzito wake wenyewe. Mabega husaidiwa na mlango pia, mikono ikiwa imeegemezwa pande mbili za fremu na kifua kikisogezwa mbele polepole. Na mgongo hutulizwa kwa kulala chali, kukunja magoti yote mawili na kuyalaza kulia, kisha kushoto.

Kila zoezi lifanywe mara mbili au tatu kwa kila upande. Mvuto uhisiwe, maumivu makali yasiwepo. Mwili usirushwerushwe, kwa sababu msuli unaorushwa hujikaza kujilinda. Pumzi isizuiwe, jambo muhimu hasa kwa mwenye presha, maana kubana pumzi huipandisha. Na anayetumia dawa za presha asiinuke ghafla kutoka sakafuni. Akae kwanza, kichwa kitulie, ndipo asimame.

Wapo wanaohitaji ushauri kabla ya kuanza: waliobadilishiwa nyonga au goti, wenye mifupa iliyodhoofika, waliowahi kupata matatizo ya pingili za mgongo na wale walioanguka hivi karibuni. Hao waonane na mtaalamu wa mazoezi tiba. KCMC mjini Moshi na vyuo vya KMTC nchini Kenya vimefundisha wataalamu hawa kwa miongo mingi, na wanapatikana katika hospitali za rufaa na nyingi za mikoa na kaunti. Wagonjwa wengi hufikishwa kwao baada ya ajali au kiharusi tu. Ni haki ya mgonjwa wa lehemu anayekakamaa kuomba kuandikiwa rufaa hiyo mapema.

Kunyoosha peke yake hakutoshi, na aliyeambiwa kwamba kutamaliza kila kitu amedanganywa. Tafiti zimeonyesha kwamba kunyoosha hupunguza kidogo sana yale maumivu ya misuli yanayokuja baada ya kazi nzito. Msuli unahitaji pia nguvu. Zoezi jepesi kuliko yote ni kuinuka kwenye kiti na kukaa tena bila kushika popote, mara nane au kumi, kisha kupumzika. Halafu kutembea.

Kuhusu kutembea, wengi wanaotumia statini huogopa kwamba watazidi kuiharibu misuli. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipata nafasi nzuri ya kulipima hilo, kwa sababu mji wao huwa na matembezi makubwa ya siku nne kila mwaka, ambapo watu hutembea kilomita 30, 40 au 50 kwa siku. Waliwafuatilia watumiaji wa statini wenye maumivu ya misuli, watumiaji wasio na maumivu, na watu wasiotumia dawa hiyo kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: vipimo vya damu vya kuumia kwa misuli vilipanda kwa kiasi kinachofanana katika makundi yote matatu, na dawa haikuonekana kuzidisha madhara ya mwendo ule mrefu. Kama kilomita 30 kwa siku hazikuwadhuru kuliko wenzao, nusu saa ya kutembea jioni si ya kuogopwa. Mazoezi ya kujichosha kupita kiasi ndiyo ya kuanzwa kwa tahadhari, kwani wakimbiaji wa marathoni waliokuwa wakitumia statini walionekana na kreatini kinase ya juu zaidi baada ya mbio kuliko wenzao.

Vidonge vya nyongeza navyo huuzwa kwa ahadi kubwa. Vitamini D ilipimwa Marekani kwa watu 2,083 walioanza statini, na matokeo yakatoka mwaka 2022: walioipata na waliopata kidonge kitupu walilalamika misuli kwa kiwango kilekile, asilimia 31. Mwenye upungufu wa vitamini D autibu kwa faida ya mifupa yake, lakini asitoe fedha ya dawa ya moyo kununulia chupa za nyongeza.

Ikiwa mtu amenyoosha kwa mwezi, amepimwa, na bado mwili unakataa, daktari ana mengi ya kufanya kabla ya kuiacha tiba. Anaweza kuisimamisha dawa kwa wiki mbili hadi nne kwa makusudi ili kuona kama maumivu yanaondoka, kisha kuirudisha. Anaweza kupunguza dozi, au kubadilisha aina, kwa kuwa aliyeshindwa na simvastatini mara nyingi huvumilia rosuvastatini ya dozi ndogo. Rosuvastatini na atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo baadhi ya wagonjwa huzimeza siku moja na kuruka nyingine. Ipo ezetimibe, inayozuia lehemu kufyonzwa tumboni. Ipo pia asidi ya bempedoiki, iliyojaribiwa kwa karibu watu 14,000 walioshindwa kuvumilia statini na ikapunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 13, ingawa kwa wengi hapa kwetu bado ni ghali na ngumu kupatikana.

Njia pekee isiyofaa ni ile ya kimyakimya. Watafiti wa Denmark walichambua kumbukumbu za watu 674,900 walioanzishiwa statini kati ya mwaka 1995 na 2010. Walioziacha mapema walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio la moyo kwa asilimia 26, na ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 18, kuliko walioendelea.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya huku mapaja yamekaza, usitupe paketi. Andika kwenye daftari au kwenye simu tarehe uliyoanza dawa, tarehe maumivu yalipoanza, misuli gani inauma na kama ni pande zote mbili. Orodhesha kila dawa unayotumia, hata ya mitishamba na ile uliyonunua mwenyewe dukani. Nenda na orodha hiyo kliniki, uombe kupimwa kreatini kinase na tezi, na useme wazi kwamba ulikuwa unafikiria kuacha. Leo jioni, baada ya kuoga, simama ukutani, bana kisigino chini, na uhesabu sekunde sitini.